Juu ya Nini Haukuiuliza?

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi mbele ya vijana mafundi wa kompyuta, kuhusu kusoma orodha ya miunganisho ya mtandao ambayo kila kompyuta inaiweka, katika ukumbi wa parokia hapa Lubumbashi. Mvua iliwazuia wengi kufika, na simu zimekuwa zikilia tangu juzi: tuandikie, tuandikie. Basi nimeyaandika yote jinsi yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha.

Jambo yenu!

Mama zangu, papa zangu, vijana wenzangu, asanteni kwa kufika na mvua hii. Najua wapo waliotoka Ruashi kwa miguu. Najua wapo walioacha duka la fotokopi mikononi mwa mdogo wao ili waje kunisikiliza. Sitawapotezea saa.

Nianze na mlinzi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihudumia ofisi moja ndogo ya hapa mjini, inayoshughulikia makaratasi ya forodha kwa mizigo inayopita mpaka wa Kasumbalesa. Kompyuta tano, na ruta moja, kile kifaa cha kugawa intaneti, yenye laini ya simu ndani yake. Walikuwa wakinunua mega za intaneti za mwezi mzima. Mwezi mmoja mega ziliisha tarehe 9. Wakaongeza. Zikaisha tena tarehe 15. Mkubwa wa ofisi akafungua ukurasa wa ruta, akaona kwamba matumizi makubwa yote yanatokea kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri.

Nani yuko ofisini saa hizo? Mlinzi. Mlinzi ana simu? Anayo. Basi, kwa mkubwa yule, shauri lilikuwa limekwisha.

Nikaitwa. Nikasimamishwa mbele ya meza. Nikaulizwa: "Wewe ni fundi. Inawezekana huyu mlinzi anatumia wifi yetu kuangalia video usiku kucha?" Na mimi nikajibu: "Inawezekana."

Neno moja tu. Sikusema uongo, maana kweli iliwezekana. Lakini papa yule, mwenye umri wa baba yangu, aliondolewa kazini siku hiyo hiyo, na mshahara wa nusu mwezi mfukoni.

Wiki ya pili mega zikaisha tena. Mlinzi mpya alikuwa na simu ndogo ya vibonyezo, isiyojua hata wifi ni nini. Ndipo nikakaa mwenyewe mbele ya kompyuta ya mhasibu, saa saba usiku, nikaandika amri moja fupi inayoorodhesha miunganisho ya mashine: `netstat -ano`. Mistari ikashuka. Mmoja wao ulikuwa na namba ya programu ambayo, nilipoitafuta kwenye orodha ya programu, ilikuwa ile ya kuhifadhi nakala za mafaili, imeungana na seva ya mbali, inatuma. Ilikuwa imepangwa kufanya kazi usiku ili isiwasumbue watu mchana. Faili lenyewe lilikuwa moja, sanduku zima la barua pepe za ofisi, gigabaiti 4 na zaidi. Umeme ukikatika, ruta inazimika na kazi inakatika katikati. Umeme ukirudi, programu inaanza tena kutoka mwanzo. Inatuma robo, inakatika. Inatuma nusu, inakatika. Usiku baada ya usiku, mega zinakwenda na faili halifiki.

Nilikwenda Katuba kumwomba radhi yule papa. Alinipa kiti, akaniletea maji, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Ile mashine ilijua tangu usiku wa kwanza?"

Nikasema: "Ndiyo, papa. Ilijua."

Akasema: "Sasa juu ya nini haukuiuliza?"

Kwa nini, yaani. Sikuwa na jibu. Ndugu zangu, kila kitu nitakachosema leo kinatoka katika swali lile. Juu ya nini haukuiuliza?

Maana mashine inajua. Nataka hili liwaingie vizuri, kwa sababu wengi wetu tunadhani orodha ya miunganisho ni kitu cha ziada, chombo cha wapelelezi kinachopaswa kusakinishwa kwanza. Sivyo. Mfumo endeshi hauwezi kufanya kazi bila orodha hiyo. Fikirini: kompyuta moja ina kivinjari, ina barua pepe, ina programu ya hesabu, na vyote vinazungumza na nje kupitia waya mmoja au antena moja. Kipande cha data kinapofika, mfumo utajuaje umpe nani? Lazima uwe umeandika mahali: anayetoka anwani fulani, mlango fulani, akija kwenye anwani yetu, mlango wetu fulani, ni wa programu ile. Vitu vinne: anwani mbili na milango miwili. Mlango ndio wataalamu wanaouita poti, na namba zake zinafika 65535. Ukivijua hivyo vinne, umeujua muunganisho, na katika TCP, utaratibu ambao programu nyingi hutumia kutumiana data, hakuna miunganisho miwili iliyo hai yenye vinne vinavyofanana vyote.

Kwa hiyo orodha ipo kwa sababu mashine inaihitaji yenyewe, kila sekunde. Sisi tunaomba ruhusa ya kuisoma tu. Na jambo hili si la jana. Maelezo ya TCP yaliyotolewa Septemba 1981 tayari yalikuwa yametaja hali 11 ambazo muunganisho unaweza kuwa nazo, tangu kusubiri mpaka kufungwa. Amri ya `netstat` ilitokea katika 4.2BSD, mwaka 1983. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Wazazi wenu pengine walikuwa bado shule ya msingi.

Sasa tuisogelee karibu. Wenye Linux, na najua hapa wapo wengi kwa sababu leseni ya Windows ni ghali: kuna faili linaitwa `/proc/net/tcp`. Nasema faili, lakini kwenye diski halipo. Kiini cha mfumo kinaliandika pale pale unapolifungua. Ulisome saa hii, utapata hali ya saa hii. Ulisome baada ya dakika, utapata nyingine. Nataka tusome mstari mmoja pamoja, polepole, kama tunavyosoma barua iliyotoka kijijini:

`0: 0100007F:0CEA 00000000:0000 0A ...`

Mnaona? Inatisha. Lakini haina siri. Namba ya kwanza ni ya mstari tu. Inayofuata, `0100007F`, ni anwani yetu, kwa namba za heksadesimali, yaani zile zinazohesabiwa kwa kumi na sita. Kwenye kompyuta zetu hizi za Intel na AMD imeandikwa kinyumenyume, baiti kwa baiti. Basi tuikate mbili mbili: 01, 00, 00, 7F. Tuigeuze: 7F, 00, 00, 01. Na 7F ni 127. Nani anaisoma? Sawa kabisa, mama: 127.0.0.1. Mashine inazungumza na nafsi yake.

Baada ya nukta mbili kuna `0CEA`. Huo ni mlango, na mlango haugeuzwi. Hapo ndipo vijana wengi wanapoteleza, wanageuza vyote. 0C ni 12, mara 256, ni 3072. EA ni 234. Jumlisha: 3306. Nani anaujua mlango 3306? Hifadhidata ya MySQL, naam.

Upande wa pili ni sifuri tupu, maana yake hakuna mtu bado. Halafu `0A`. Hiyo ndiyo hali. 0A ni kusikiliza: programu imekaa mlangoni inasubiri mgeni abishe. Mngeona 01, ungekuwa muunganisho ulio hai, watu wawili wanazungumza. 06 ni ule uliokwisha, ambao Linux inauweka sekunde 60 kabla ya kuusahau, ili barua zilizochelewa njiani zisije zikampata mtu mwingine. 08 tutaizungumzia, ina kisa chake.

Mbele zaidi katika mstari huo huo kuna namba ya mtumiaji mwenye soketi, yaani ncha ya muunganisho upande wa programu, na katika safu ya kumi kuna namba ya soketi yenyewe. Hiyo ndiyo uzi. Chukua namba hiyo, nenda katika `/proc`, kila programu inayokimbia ina folda yake yenye namba, na ndani kuna folda `fd`, ya vitu ilivyofungua. Humo utakuta viungo vilivyoandikwa `socket:[21483]` au namba yoyote ile. Zikilingana, umempata mwenye muunganisho. Kwa jina. Lakini kwa programu za watumiaji wengine lazima uwe na ruhusa za msimamizi, la sivyo utaona muunganisho bila mwenyewe.

Je, lazima ufanye hesabu hizi kila siku? Hapana. Amri ya `ss` inafanya kazi hiyo kwa kufumba na kufumbua, tena haipitii faili hilo. Inauliza kiini moja kwa moja kwa njia ya haraka zaidi, na kwenye seva yenye maelfu ya miunganisho utaiona tofauti. Wenye Python wana maktaba inayoitwa psutil: `net_connections()` inakupa anwani, milango, hali na namba ya programu, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS. Nimewapitisha kwenye mstari ule kwa sababu nyingine. Fundi aliyewahi kuusoma kwa macho yake hadanganywi na chombo. Skripti, yaani amri zilizoandikwa kwenye faili zijiendeshe zenyewe, ikimwambia jambo la ajabu, anajua mahali pa kwenda kuhakikisha. Na msisahau ndugu yake, `/proc/net/tcp6`. Programu inayosikiliza kwa IPv6, zile anwani mpya ndefu, mara nyingi inapokea wageni wa IPv4, zile za zamani, pia, lakini inaonekana kule tu. Ukisoma faili moja, utaapa kwamba mlango umefungwa na huku uko wazi.

Hapo ninafika kwenye jambo linaloniuma, kwa sababu linatuhusu sisi hasa, wa nchi inayofungua kompyuta kwa Kifaransa.

Kijana mmoja niliyemfundisha kazi alichukua skripti iliyoandikwa na watu wa mbali. Ilikuwa inaendesha `netstat`, kisha inatafuta kwenye matokeo kichwa cha habari cha Kiingereza, na kuanzia hapo inahesabu miunganisho. Akaiweka kwenye Windows za ofisi moja. Kila asubuhi ripoti ilikuja: miunganisho 0. Sifuri. Kila siku sifuri. Mkubwa wa ofisi akafurahi, akaona usalama ni kamili. Miezi miwili!

Kwa nini sifuri? Kwa sababu Windows ile ilikuwa ya Kifaransa. Kichwa chake kinasema "Connexions actives", na safu zinasema "Adresse locale" na "Adresse distante". Skripti haikupata neno ililokuwa ikilitafuta, basi ikarudi mikono mitupu na kusema hakuna kitu. Haikulalamika. Haikusema "sielewi". Ilisema hakuna.

Vijana wenzangu, kuna tofauti kubwa kati ya "hakuna" na "sikuona". Mtu anayekuambia "sikuona" amekuachia nafasi ya kwenda kutazama mwenyewe. Skripti yako lazima ijue kusema "sikuona". Kompyuta iliyowashwa na yenye intaneti ni nadra sana kukosa hata mstari mmoja. Ukipata sifuri, skripti isimame ipige kelele.

Na dawa? Kwenye Windows, acheni kusoma maandishi yaliyotengenezwa kwa ajili ya macho ya mtu. Tumieni PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwa amri ya `Get-NetTCPConnection`. Haikuletei maneno, inakuletea vitu vyenye majina yasiyobadilika: anwani, mlango, hali, na `OwningProcess`, yaani namba ya programu inayohusika. Lugha ya Windows ibadilike jinsi inavyotaka, majina hayo yanabaki. Kwenye Linux, kama ni lazima usome maandishi ya amri, tangulizeni `LC_ALL=C` ili amri iseme lugha moja popote ilipo. Na ongezeni `-n` kila wakati. Bila hiyo, `netstat` inajaribu kutafuta jina la kila anwani, inauliza mtandao kuhusu mtandao. Kwa intaneti yetu ya jioni, utasubiri mpaka bukari, ugali wetu, ipoe. Mac zinayo `lsof -i`, inatosha.

Sasa niwape kisa cha kliniki. Sitaitaja. Walikuwa na kompyuta moja yenye mafaili ya wagonjwa wote ndani ya hifadhidata, na programu ya mapokezi ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Wema wao ukawafanya wawape wagonjwa waliokuwa wakisubiri nywila ya wifi, ile ile ya ofisi. Nilikwenda kwa ajili ya printa. Printa tu! Lakini nina desturi: mahali popote ninapokaa mbele ya mashine, kwa ruhusa ya mwenyewe, ninaanza na `ss -tlnp`. Milango gani inasikiliza, na nani yuko nyuma yake.

Nikaona 0.0.0.0:3306.

Mnakumbuka mstari wetu? Pale ilikuwa 127.0.0.1, mashine inajisikiliza yenyewe. Hapa ni 0.0.0.0. Wapo wanaodhani sifuri maana yake hakuna. Ni kinyume! Maana yake ni anwani zote za mashine hii, popote mgeni atakapotokea, karibu. Mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi na simu yake angeweza kubisha kwenye mlango wa mafaili ya wagonjwa. Kulikuwa na nywila, ndiyo. Nywila ilikuwa jina la kliniki.

Nilimwita daktari. Sikumweleza kwa maneno ya kifundi. Nilimwambia: daktari, kabati lako la mafaili liko kwenye kibaraza. Alielewa mara moja, na uso wake ulibadilika, kwa sababu mule ndani kulikuwa na majibu ya vipimo ambayo mtu haambii hata mke wake. Tukabadilisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, `bind-address = 127.0.0.1`, tukaiwasha upya huduma, tukauliza tena. 127.0.0.1:3306. Dakika tano. Siku hiyo hiyo tukatenga wifi ya wagonjwa na ile ya kazi, na nywila ikabadilishwa. Printa tuliitengeneza kesho yake.

Nilisema 08 ina kisa. Ni ya programu ya malipo ya karo katika shule moja. Kila siku alasiri inaganda. Wazazi wako kwenye mstari, pesa mkononi, jua la Oktoba mnalijua. Mtunza fedha anaizima mashine na kuiwasha, kazi inaendelea. Kesho tena. Walikuwa wamenunua kumbukumbu zaidi, walikuwa wamebadilisha ruta, walikuwa wamemlaumu anayewauzia intaneti. Nani alikuwa ameiuliza mashine?

Tuliweka amri moja ya kuhesabu, kila baada ya nusu saa: `ss -Htan state close-wait | wc -l`. Asubuhi, kidogo. Saa sita mchana, mamia. Alasiri, inakaribia elfu. Halafu inaganda. Hali hii, ambayo kwa kiini cha Linux ndiyo 08, maana yake ni hivi: upande wa pili umeshasema kwaheri, mfumo wetu umeisikia, lakini programu yetu haijafunga mlango. Na kiini hakitaufunga kwa niaba yake, hata ukisubiri wiki, maana mwenye soketi ni programu. Sasa, kwenye Linux nyingi, programu moja hupewa kikomo cha mafaili na soketi 1024 zilizofunguliwa kwa pamoja, isipokuwa umeongeza. Mnaona? Kila mzazi ambaye malipo yake yalipata kosa njiani aliacha mlango mmoja wazi. Mia moja, mia tano, elfu, basi. Hakuna nafasi.

Mwandishi wa programu alikuwa msichana mwangalifu sana. Alikuwa amefunga soketi vizuri pale malipo yalipofanikiwa. Pale yaliposhindwa, alisahau. Mistari miwili. Tulipomwonyesha namba zinavyopanda, hakubishana hata kidogo. Angebishana na nini? Mtu unaweza kubishana naye. Kipimo kilichoandikwa pamoja na saa yake kinamaliza mabishano.

Nimesema saa. Hapo ndipo skripti inapopata kazi yake ya kweli. Orodha ya mashine haina kumbukumbu. Inajua sasa tu. Ukifika asubuhi kuuliza habari za usiku, imeshasahau, waliokuja wamekwenda. Ile netstat yangu ya saa saba usiku ilifaulu kwa sababu nilikesha. Nani atakesha kila siku? Skripti itakesha. Tena ni fupi mno: ndani ya cron ya msimamizi, ile ratiba ya kazi ya Linux, kila dakika, `date -Is` halafu `ss -tunap`, vyote viongezwe mwisho wa faili moja. Kwenye Windows ni `Get-NetTCPConnection`, ongeza saa, ongeza jina la programu kutoka `Get-Process`, tia kwenye CSV, faili la jedwali, uiendeshe kwa ratiba ya kazi. Nimechagua `date -Is` kwa sababu inaandika saa pamoja na eneo lake. Sisi tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Ukipeleka malalamiko kwa mtoa huduma mwenye seva Kinshasa bila kusema ni saa ya wapi, mtatafuta vitu viwili tofauti na kila mmoja atamwona mwenzake mwongo. Na mkumbuke kufuta yaliyozeeka, diski isije ikajaa.

Lakini mniamini nikisema pia skripti haioni yote. Ukiuliza kila dakika, muunganisho ulioishi sekunde mbili katikati utapita. Ni kama kupiga picha mpakani Kasumbalesa mara moja kwa saa, kisha kuhesabu malori: yale yaliyokaa kwenye foleni utayaona, lakini pikipiki iliyopita haraka huioni. Anayetaka pikipiki ahamie kwenye zana zinazorekodi kila tukio linapotokea. Na mwenye kontena za Docker, yaani programu zilizofungiwa kila moja chumba chake ndani ya mashine moja, ajue kwamba kila kontena huwa na orodha yake, hivyo ukiuliza kwenye mashine mama hutaona yaliyo ndani ya kontena. Na mashine iliyokwisha kutekwa kabisa inaweza kudanganya: mwizi aliyepata mamlaka yote hubadilisha hata `netstat` yenyewe. Ukiwa na shaka ya namna hiyo, kaulize kwa jirani. Ruta nayo ina orodha ya waliopita kwake. Orodha mbili zisipolingana, hapo una kazi kubwa.

Swali nililoulizwa na mama aliyekaa pale mbele, kabla hatujaanza, lilikuwa zuri sana: nikiona anwani ya mbali nisiyoijua, nimlaumu nani? Mama, bado usimlaumu mtu. Anwani inakuambia imesajiliwa kwa kampuni gani. Kwa anwani za Afrika, msajili ni AFRINIC, ofisi zake ziko Mauritius, na unaweza kuuliza kwa amri ya `whois`. Utapata jina la kampuni yenye maelfu ya seva. Kivinjari chako, programu ya kuhifadhi nakala, na mwizi, wote wanaweza kuwa wanazungumza na kampuni ile ile. Kwa hiyo usianze na anwani. Anza na programu: nani ndani ya mashine hii amefungua muunganisho huu, na ni nani aliyeisakinisha, na kwa kazi gani?

Na jambo hili nalisema nikiwatazama machoni. Orodha hii inaonyesha watu. Inaweza kuonyesha kwamba fulani alikuwa kwenye tovuti ya benki yake saa nne, na fulani alikuwa akitafuta kazi nyingine saa tisa. Msiisome kwenye mashine ya mtu bila ruhusa yake au ya mwenye mashine. Msiipeleke kwa mkubwa wa ofisi ikiwa na majina ya watu wakati swali lilikuwa la mega. Nchi yetu ina Kanuni ya Kidijitali, Amri-Sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na ulinzi wa data binafsi umo ndani yake. Hata kama isingekuwapo, mlinzi yule alikuwa mtu.

Mnataka kujua habari zake. Ofisi ilimwita arudi. Alikataa, alikuwa ameshapata pa kulinda kwingine, kwenye ghala la unga upande wa Kampemba. Mkubwa wa ofisi alimlipa ile nusu ya mshahara iliyobaki, nilisimama pale mpaka pesa zikahesabiwa mkononi mwake. Mimi tangu siku ile sijatamka tena "inawezekana" mbele ya meza ya mkubwa yeyote. Ninasema: nipe usiku mmoja.

Haya. Umeme bado upo, tuutumie. Fungueni kompyuta zenu. Wa Linux, `ss -tunap`. Wa Windows, fungueni PowerShell kama msimamizi, `Get-NetTCPConnection -State Established`. Kila mmoja achague mstari mmoja tu asioujua, aandike kwenye karatasi: saa, mlango, namba ya programu, jina lake. Ninapita meza kwa meza. Tuanze na wewe, kijana mwenye koti la bluu. Umeona nini?